NJUGU ZA SUKARI NA VIUNGO: TUZIPIKE NYUMBANI KWETU

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Makwasinyi, baada ya swala ya Alasiri)



Himdi zote anastahiki Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Wazazi wangu, ndugu zangu na dada zangu. Nilipoambiwa nitoe mada mwezi huu, wengi walidhani nitazungumzia hukumu za swaumu, na ustadh aliponisikia nikitaja njugu alicheka kidogo. Lakini hukumu za swaumu wapo walimu hapa wanaozijua kunishinda mimi niliyesomea kwao. Mimi nimekuja na hii sufuria mnayoiona hapa mbele, na nimekuja na kosa langu la mwaka juzi, ambalo baadhi yenu mnalijua na wengine mlilisikia nusunusu. Leo mtalisikia lote.

Nianze na njugu zenyewe. Sisi watu wa Pwani tunapenda kitu cha kutafuna. Baada ya futari na taraweh watu wamekaa barazani, chai ya tangawizi ipo, lazima pawe na kitu mkononi. Mombasa utapata kashata za njugu na za nazi, utapata mabuyu mekundu yanayotia rangi ulimi, utapata korosho. Huku kwetu chini ya mlima Kasigau mibuyu tunayo, na njugu wazee wetu wamelima. Ila wengi tumezoea kununua: kikaratasi kilichosokotwa, njugu kiganja kimoja, shilingi kumi au ishirini, kimekwisha kabla hujafika nyumbani. Ukihesabu watoto wanne na mwezi mzima, hizo ni pesa.

Njugu hizi tunazoziita njugu karanga asili yake si Afrika. Zilitoka Amerika ya Kusini, zikaletwa na mabaharia wa Kireno. Zilizo za kwetu hasa ni njugu mawe, zile za mviringo, ngumu, ambazo nyanya zetu walichemsha. Na karanga kwa hakika si kokwa ya mtini. Ni ndugu yake kunde na maharagwe, ila yeye huzaa chini ya udongo. Ndiyo maana ina nguvu: gramu mia moja za njugu zina protini kama gramu 25, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, kiganja kimoja wakati wa daku kinamshikilia kuliko chai na mkate mkavu. (Tende ina nafasi yake. Kufungua kwa tende ni sunna, na hakuna anayetaka kuiondoa tende mezani akaweka njugu.)

Sasa kosa langu.

Mwaka juzi nilikuwa mshika fedha wa kikundi chetu. Tulichanga ili kila mtoto wa madrasa apate kifurushi cha Idi: tende, peremende, na njugu za sukari. Mimi nikasema njugu tusinunue tayari, tupike wenyewe, itakuwa rahisi na zitakuwa nyingi. Rai ilikuwa nzuri. Nikaenda Voi kutafuta njugu mbichi. Duka la kwanza bei iko juu, la pili iko juu, la tatu nikapata gunia dogo karibu nusu ya bei. Muuzaji hakunificha sana, alisema tu, "Zilipigwa na mvua kidogo lakini zishakauka." Nikaona nimepata. Nilikuja kwenye matatu nikiwa nimelikumbatia lile gunia, najipongeza kwa pesa nilizookoa.

Nyanya yangu hakusema neno. Alikunja mkono wa dera lake, akauingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa njugu za chini. Zilikuwa zimeshikana. Zingine zimekunjamana, zingine zina vumbi la kijani. Akanusa, akanipa ninuse.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Nyanya, hizi tutazikaanga na sukari na mdalasini, hakuna atakayejua."

Ndugu zangu, niliyasema hayo na swaumu mdomoni. Nyanya yangu hakusoma chuo kikuu, hakusoma hata darasa la nane. Aliniambia tu nikae nimkumbushe ile hadithi niliyokuwa nikimsomea nikiwa mdogo, ya Mtume (S.A.W) kupita sokoni kwenye rundo la chakula. Mnaijua, imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mtume aliingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye chakula, akajibiwa kuwa kilinyeshewa na mvua. Akamwambia kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, na akasema anayedanganya hayuko pamoja naye. Hadithi ile niliihifadhi nikiwa na miaka kumi. Niliisoma kwa Kiarabu mbele ya watu, nikapewa zawadi ya kofia. Siku ile gunia liko mbele yangu, nilihitaji mzee asiyejua kusoma anikumbushe.

Lakini msidhani ni jambo la udanganyifu peke yake. Ile ukungu ni sumu. Kuna kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu zilizolowa au zilizowekwa kabla ya kukauka vizuri, na hiyo kuvu hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Mwaka 2004 jirani zetu wa Ukambani, Makueni na Kitui, walikula mahindi yenye sumu hiyo. Waliougua waliohesabiwa walikuwa 317, na waliokufa ni 125. Huo ni msiba wa karibu, si wa ng'ambo. Na mwaka 2019 shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina kadhaa za siagi ya njugu madukani kwa sababu hiyo hiyo. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua, na ikiingia kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Na hapa sikilizeni sana akina mama: moto haiondoi. Unaweza kukaanga mpaka njugu iwe nyeusi, kuvu yenyewe itakufa lakini sumu iliyokwisha kuitoa imebaki. Sukari haiondoi, mdalasini hauondoi. Vinaficha ladha tu, na hiyo ndiyo hatari yake. Kinachosaidia ni jicho na mkono. Mwaga njugu kwenye uteo mahali penye mwanga, toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu. Ukikuta ni nyingi sana, usichague, acha zote. Na ukitafuna ikawa chungu, tema. Sisi tumefundishwa ni adabu kumeza ulichopewa, lakini njugu chungu itemeni.

Lile gunia tulilizika. Kuku hakupewa, mbuzi hakupewa, kwa sababu sumu hiyo inapita ikaingia kwenye maziwa na mayai, halafu inarudi kwako. Nikasimama mbele ya kikundi nikasema pesa za amana nimezipoteza, na nitazilipa. Nilizilipa kwa awamu, kutoka kwa pesa yangu ya matumizi chuoni, na awamu ya mwisho ilikuwa Rajabu iliyopita. Kuna waliokasirika na walikuwa na haki. Idi ile vifurushi vilikuwa tende na peremende mbili. Mtoto mmoja aliniuliza, "Kaka, na zile njugu?" Sikuwa na jibu.

Basi, tuje kwenye sufuria.

Chukua nusu kilo ya njugu mbichi zilizochaguliwa, na ngozi yake nyekundu usiitoe, ndiyo inayoshika sukari. Sukari kikombe kimoja cha chai, maji nusu kikombe. Chumvi robo kijiko. Msiidharau, bila chumvi utamu unakuwa mzito. Viungo: iliki punje nane, menya uzitwange kwenye kinu, mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, tangawizi kavu nusu kijiko. Mwenye kupenda ukali aongeze pilipili manga kidogo. Karafuu mimi sitii, moja ikizidi nyumba nzima inanuka kama dawa ya meno, lakini shangazi yangu wa Mombasa hawezi kupika bila karafuu na hatutagombana kwa hilo.

Tia njugu, sukari na maji kwenye sufuria nzito, zote pamoja, zikiwa baridi. Weka kwenye moto wa wastani, koroga kwa mwiko wa mti. Maji yatachemka, sukari itakuwa shira, shira itazidi kuwa nzito. Baada ya kama dakika kumi utaona kitu cha ajabu: shira yote inakauka ghafla, inageuka kama mchanga mweupe juu ya njugu. Hapa wengi hudhani wameharibu, wanaongeza maji. Usiongeze! Maji yameisha tu, sukari imerudi kuwa chembe. Punguza makaa, endelea kukoroga, usiondoke hata kama simu inalia. Ule mchanga utaanza kuyeyuka tena chini, safari hii bila maji, na utakuwa rangi ya asali. Njugu zitaanza kung'aa na utasikia zikipasukapasuka ndani. Nusu ya mchanga ikishayeyuka, nyunyiza chumvi na viungo, geuza mara tano sita, epua. Viungo ukitia mwanzo vinaungua, harufu yote inaishia jikoni.

Mwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta kidogo, tenganisha haraka kwa uma mbili. Kwa uma, nimesema. Sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yanayochemka, na inaganda kwenye ngozi haitoki. Watoto wakae mbali na jiko wakati huo. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yakimiminika dakika ishirini, si dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Zipoe kabisa ndipo uzitie kwenye kopo lenye kifuniko. Ukifunga zikiwa na joto zinatoa jasho, na kesho zinanata. Huku kwetu kukavu zinakaa vizuri wiki mbili. Mombasa, kwa unyevu wa bahari, zile mapema.

Mtu ataniuliza, nikipika nikiwa nimefunga, nitajuaje chumvi? Wanavyuoni wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi kwa mwenye haja, kisha ateme, asimeze. Asiyetaka apike usiku, Alhamdulillah usiku ni mrefu.

Watoto wadogo, wa chini ya miaka mitano, msiwape njugu nzima. Ndugu yangu mdogo akiwa na miaka mitatu alicheka na njugu mdomoni ikampalia, akawa hatoi sauti, uso unabadilika. Mama alimlaza kifudifudi mapajani akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara ya nne ikatoka. Tangu siku ile za wadogo tunazitwanga, tunawanyunyizia kwenye uji. Na mwenye mzio wa njugu, anayevimba midomo au kubanwa na pumzi, asijaribu hata moja. Wazee wenye kisukari wapikiwe za chumvi na viungo, bila sukari, wasiachwe wanatazama.

Njugu tutazipata wapi? Najua mzee mmoja hapa amekwisha kutikisa kichwa, kwa sababu ndovu walimng'olea shamba lote. Ni kweli, hilo ni tatizo letu sote, na mimi sina dawa yake. Ila kule Sagalla wako wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki, waya kati ya mzinga na mzinga. Ndovu akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuka. Haizuii kila ndovu. Lakini asali inabaki, na vijiko vitatu vya asali ndani ya njugu hizi mahali pa robo ya sukari, mtanishukuru. (Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.)

Jumamosi hii, inshaallah, baada ya Alasiri tutapika za Idi hapa hapa. Njugu zimenunuliwa, kilo kumi na tano, na safari hii sikwenda peke yangu, tulikwenda watatu na risiti anayo mshika fedha mpya. Tunahitaji masufuria mazito matatu, sinia, na nyuteo nyingi kadiri mnavyoweza. Nyanya yangu atakaa kwenye uteo wa mwisho. Njugu isiyopita kwake haiingii kwenye sufuria, na msijaribu kumbembeleza, mimi nimeshajaribu.