Kiwanja cha Mchezo, Urithi wa Jamaa Nzima
Maneno yaliyosemwa siku ya Jubilei kwa jina la kamati ya michezo ya parokia



Katika sikukuu hii mmekwisha kusikia habari za kanisa, za masomo na za dispansari. Sisi wa kamati ya michezo tumepewa nafasi ya kusema juu ya kitu kisicho na kuta wala paa, nacho ni kiwanja cha mpira. Labda mmoja atauliza: kiwanja cha mpira kinaingia namna gani katika Jubilei ya Kanisa? Tunajibu kwamba katika inchi yetu kanisa na kiwanja vimekaa jirani tangu zamani.

Hapa Lubumbashi kila mtoto anajua jina la Mazembe. Lakini si wote wanaojua kwamba timu ile ilizaliwa mwaka 1939, wakati mji wetu ulipoitwa bado Élisabethville, na ya kuwa mapadri Wabenedikto ndio walioianzisha kati ya wanafunzi wa Institut Saint-Boniface, wakaipa jina la Mtakatifu Georges. Baadaye ilitoka mikononi mwa mapadri, ikabadili jina mara nyingi, na mwaka 1967 na 1968 ikatwaa kombe la mabingwa wa Afrika. Mbegu iliyopandwa katika masomo ya misioni ilizaa matunda ambayo wapandaji hawakuyafikiri.

Lakini leo tunataka kuwapeleka mpaka Kinshasa, kwa sababu habari ya kiwanja kimoja cha kule inatufundisha jambo tunalolihitaji hapa.

Mwaka 1917 alifika Kinshasa padri mmoja wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle, mzaliwa wa Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa masomo. Lakini aliona kwamba watoto wa mji mkubwa, wakitoka darasani, hawana pahali pa kukaa isipokuwa njiani. Basi akawakusanya kwa skauti, kwa muziki na kwa mpira. Timu ya Daring, inayoitwa leo Motema Pembe, ilianzishwa naye mwaka 1936. Mwaka 1937 kilifunguliwa kiwanja cha Malkia Astrid, na mwaka 1952 kikafunguliwa kingine kikubwa zaidi, kilichopewa jina la Mfalme Baudouin, chenye nafasi kwa makumi ya maelfu ya watu. Padri yule alifariki Ubelgiji mwaka 1956, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Léopoldville, kati ya watu aliowatumikia.

Hatupendi kuficha ukweli. Siku zile Wazungu walikuwa na michezo yao na Weusi yao. Tena wakubwa wa serikali ya kikoloni walipenda mpira kwa sababu walifikiri kwamba kijana anayecheza hatafikiri mambo ya siasa. Katika hilo walidanganyika. Siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1959, mkutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa mjini Léopoldville. Watu waliokuja kumsikiliza Kasa-Vubu walikuwa njiani kwa hasira, na saa ile ile maelfu ya watu wakatoka katika kiwanja cha Baudouin, mchezo umekwisha, wakachanganyika nao. Fujo ikawaka siku kadhaa, na watu wengi wakauawa kwa risasi. Siku tisa baadaye mfalme mwenyewe alitangaza kwamba Kongo itapata uhuru, na uhuru ukafika tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960. Wale waliopewa kiwanja ili wasahau mambo yao, ndipo walipozoea kujiona kuwa taifa moja.

Mwaka 1967 jina la mfalme likaondolewa, kikaitwa kiwanja cha Tarehe 20 Mei, siku ya kuzaliwa kwa chama cha MPR. Chini ya jina hilo dunia nzima ilikitazama usiku wa tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Lakini chama nacho kilipita. Mwaka 1997 kiwanja kikapewa jina linalotumika hata leo, Stade Tata Raphaël. Kile cha kwanza vile vile: kutoka kwa Malkia Astrid kikaenda kwa Tarehe 24 Novemba, na leo kinaitwa Stade Cardinal Malula, jina la mchungaji aliyeongoza Kanisa la Kinshasa mpaka kifo chake mwaka 1989.

Ndugu, angalieni namna majina yalivyofuatana. Mfalme alikuwa na nguvu, na chama kilikuwa na nguvu. Majina yao yaliandikwa ukutani kwa amri, na yakafutwa kwa amri. Jina la padri halikuanza ukutani. Watu wenyewe walikuwa wanamwita Tata, maana yake Baba, alipokuwa bado mzima, akitembea kati ya watoto wao. Ubao ulikuja kuandika tu yale watu waliyokuwa wanasema tangu zamani.

Basi turudi nyumbani. Kiwanja chetu hakina ngazi za kukalia wala taa. Kina miti ya goli na mistari tunayoichora kwa chokaa. Lakini hapo watoto wa makabila yetu yote wanakimbilia mpira mmoja, na hapo tunakusanyika siku za sikukuu kanisa likiwa dogo. Nanyi mnajua namna miji yetu inavyojaa: kila pahali palipo wazi, mtu anapaona kama parseli za kuuza. Hata upande mmoja wa kiwanja hiki kuna watu walioanza kupima kwa kamba. Hatutaji jina la mtu, maana hatukuja kushitaki. Tunasema tu kwamba nyumba zikisimama pale, hakuna atakayezibomoa, na watoto watarudi njiani, pale pale Padri Raphaël alipowakuta wale wa Kinshasa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, Baba Paroko na wazee wafuate kwa serikali hati ya ardhi ya kiwanja, iandikwe wazi ni ya nani na mipaka yake ni wapi. La pili, kila shirika lipande miti upande wake, ili mpaka uonekane kwa macho. La tatu, tufanye salongo mara moja kwa mwezi, wakubwa pamoja na watoto, kukata majani na kusawazisha udongo. Maana ardhi isiyotunzwa inaonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Mapadri na wazee waliotuachia kiwanja hiki hawakutuandikia majina yao juu yake. Walituachia nafasi ya kukimbia. Na sisi tuwaachie watoto wetu nafasi ile ile, bila kupunguza hata hatua moja.

Mungu aibariki Jubilei yetu, na awabariki ninyi nyote.