Misumeno kwanza, kombine ingoje

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika mbele ya wanachama wa Rubaya, siku ya kuzungumzia vyombo vya atelie ya mbao.)

Mzee prezida aliniomba niseme kidogo juu ya vyombo, ju feza ya atelie imefika na devizi mbili ziko mezani. Najua wengi mumekwisha kuchagua ile ya kombine. Mimi nitasema kinyume, munivumilie.

Kombine ni mashine nzuri, sikatai. Inapasua, inaranda, inatoboa, yote kwa meza moja. Tatizo iko kwa moteri. Ile yenye tulionyeshwa Goma inaomba volti 380, kuraa ya nyaya tatu, na sisi hapa tunategemea grupu na vioo vya jua. Tena moteri wakati inaamka inavuta kuraa mara nyingi kupita ile inavuta ikiisha kuzunguka vizuri. Kwa hiyo ukisoma namba iliyoandikwa kwa mashine na ukanunua grupu ya namba ile ile, umepoteza feza. Na esansi yake itapanda kutoka Sake kwa barabara munayoijua wakati wa mvua.

Mimi nilishaona. Kabla ya kuja kwenu nilifanya kazi kwa mradi mwingine, mahali sitataja. Tulinunua kombine, na mimi ndiye niliyesaini risiti. Tulipiga picha, wafazili wakafurahi. Grupu ilikuwa ndogo, ikazimika kila mara mashine ikiamka, na hakuna mtu kati yetu aliyeuliza mapema. Kisha vita ikafika, watu wakakimbia, kombine ikabaki ju hakuna mgongo wa kuibeba. Fundi mmoja mzee wa pale alikimbia na msumeno, randa na tupa moja, vyote vimefungwa ndani ya kikwembe. Nilipomkuta tena kambini alikuwa anatengeneza vitanda na watoto wake wanakula.

Wengi wenu mulikaa Bulengo ao Lushagala mpaka Februari 2025. Sihitaji kuwaeleza ni kitu gani kinabebwa na ni kitu gani kinabaki nyuma. Hakuna mtu anaomba tukimbie tena. Lakini nikinunua chombo na feza ya watu, ninawaza hata siku ile.

Basi misumeno. Watu wanasema "msumeno ni msumeno", na wauzaji wanapenda tuseme hivyo. Iko ya kupasua, yenye inafuata nyuzi za ubao: meno yake ni makubwa, machache, kila jino kama patasi ndogo. Iko ya kukata, yenye inavuka nyuzi: meno yake ni madogo, yamenolewa pembeni kama kisu. Ukipasua ubao mrefu na msumeno wa kukata utachoka mpaka jioni na mstari utapinda. Ya tatu ni ile fupi yenye mgongo wa chuma, haipindi, ni ya kukata ndimi za viungo vya meza na kabati. Kila fundi awe na tatu hizi zake mwenyewe, siyo za atelie. Chombo cha wote hakinolewi na mtu.

Mukienda dukani mubebe tupa ya pembe tatu. Gusa jino moja na tupa, polepole. Tupa ikiuma, nunua. Tupa ikiteleza kama kwa kioo, acha: meno yale yamechomwa kwa kiwanda, yana rangi nyeusi-nyeusi ao bluu kwenye ncha, na siku yameisha makali unatupa msumeno mzima. Mwenye duka atakasirika kidogo. Amwambie mteja wake ukweli na hatutakuja na tupa tena.

Kisha kupanua meno: moja inalala kushoto, ingine kulia, ili njia ya msumeno iwe pana kupita chuma chenyewe. Mikaratusi yetu inauzwa mbichi. Ikiwa meno hayakupanuliwa, ubao unabana msumeno na munasema chombo ni kibaya.

Hapo nakuja kwa jambo lenye liliachwa kwa devizi zote mbili, kibanda cha kukausha. Mbao za hapa zinapasuliwa na tronsonezi, upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba, na maji yamejaa ndani. Mkaratusi mbichi unapinda na kupasuka kwenye ncha. Ukiufanya mlango leo, kiangazi mlango haufungi na mama aliyelipa anarudi na maneno. Tunahitaji paa la bati, kuta wazi hewa ipite, vijiti kati ya ubao na ubao, rangi kwenye ncha zote mbili, na uvumilivu wa miezi mingi. Grevilea inatulia vizuri zaidi, tuanze nayo kwa makabati, na mkaratusi tuuache kwa milango ya nyuma na kwa chukudu. Tena chukudu zote munazoona zinashuka Sake na makaa, hakuna hata moja iliyozaliwa ndani ya kombine.

Mashine moja nakubali: msumeno wa mviringo wa kushika mkononi, wa milimita 190, volti 220, wati kama 1200, na grupu ya kVA 3. Tunaiwasha siku moja kwa juma, tunapasua mbao zote za juma, tunazima. Kijana mmoja aliniuliza kama kile kifuniko cha meno kinaweza kutolewa ili aone mstari vizuri. Hapana, mdogo wangu. Ubao mbichi ukibana jino, mashine inarudi kwako kabla hujasema neno, na vidole havina akiba dukani.

Ni ukweli kwamba kwa picha, misumeno kumi na mbili, randa na tupa havipendezi kama kombine. Wafazili watakaosoma maneno haya wajue kwamba barua yetu ya kwanza iliomba kombine, na hatuwezi kugeuza feza yao kimya-kimya. Mukikubali leo, kesho naandika barua ya pili, na hatununui hata msumari mpaka jibu lifike.

Mama mweka hazina ana beyi za Goma kwa kikaratasi. Azisome sasa, kisha tuinue mikono kabla mvua, ju wengine wanarudi mbali.