Wazo si Mali Mpaka Liandikwe

Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako kwa barabara kuu iendayo Zambia, utapita mahali panapoitwa Nyololo. Ndipo inapochepuka njia ya Igowole na mashamba ya chai ya Mufindi. Basi halikai sana hapo. Malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka mpaka ndiyo hukaa, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko humfanya hata asiye na njaa atafute chai ya moto.

Katika kibanda kimoja cha chai kijana aliniamkia, "Kamwene, baba," akavuta kigoda, akaniambia ana tamthilia. Si ya kutazama, ya kutengeneza. Ni habari za mama lishe mjane aliyeko njia panda, madereva wanaomwachia vifurushi, barua na madeni, na binti yake anayechuma chai huku moyo wake uko kwenye usukani wa lori. Alinisimulia sehemu tatu nzima, chai yangu ikapoa. Nakiri nilitaka kujua ya nne.

Ndipo akauliza: "Sasa baba, Netflix anwani yao ni ipi, niwapelekee?"

Asicheke mtu. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wengi wetu tuliitazama kupitia dirisha la jirani. Leo kijana wa Nyololo anatazama tamthilia ya Korea katika simu akiwa kijiweni, na ni haki yake kujiuliza kwa nini ya kwao isitazamwe Korea. Watu wengi wa mijini jina la Nyololo walilisikia kwa msiba: tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa kijijini hapo akiwa kazini. Kijana alikuwa mdogo wakati huo. Aliniambia hataki msiba ule usahaulike, ila anataka watu wapajue kwao kwa jambo la pili pia.

Jibu la swali lake ni chungu kidogo. Anwani haipo. Netflix wameeleza wazi kwamba hawapokei wazo wala muswada kutoka kwa mtu wasiyefanya naye kazi. Ni lazima upite kwa wakala, mtayarishaji au mwanasheria ambaye tayari ana uhusiano nao. Sababu moja ni hofu ya kesi: wakisoma barua elfu kumi, kesho watu elfu moja watasema wameibiwa. Hilo si dharau kwa Mwafrika, maana hata anayeishi jirani na ofisi zao kule California hujibiwa vivyo hivyo. Lakini yule wa California anaweza kukutana na wakala dukani akinunua mkate. Wa Nyololo akutane naye wapi, kwenye mizani ya malori? Hapo ndipo penye uonevu, nasi tusijifanye hatuuoni.

Kijana alikuwa na donda jingine. Aliwahi kumsimulia hadithi hiyo mtu mmoja wa mjini aliyejiita mtayarishaji. Walikaa saa mbili, akaambiwa wazo ni zuri, wataonana. Hawakuonana. Baadaye akaona kwenye simu mchezo mfupi wenye mama lishe, njia panda na binti mwenye hamu ya lori. Nikamwuliza, je, wewe ulikuwa umeandika? Hakuwa na hata ukurasa mmoja.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyotungwa. Fikra tupu hailindi. Mama lishe wa njia panda wako wengi kutoka Chalinze hadi Tunduma, na hakuna mahakama itakayompa mtu mmoja umiliki wao. Kilicho chake ni vile anavyosema mama huyu, deni analosamehe na lile asilosamehe, tukio linalofuata tukio. Hayo yakishakaa kwenye karatasi yana mwenyewe, na akiyasajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, anakuwa na ushahidi mkononi. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, yule bwana wa mjini alichukua ganda tu. Kiini bado kiko Nyololo.

Na mlango mara nyingine hufunguliwa kutoka ndani. Mwaka 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la ngano za Afrika. Maombi yalizidi 2,000, washindi wakawa sita, kila mmoja akapewa dola 25,000 pamoja na bajeti ya kutengeneza filamu fupi. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Walt Mzengi Corey, na filamu yake Katope ikaonyeshwa mwaka 2023. Ni habari ya mtoto wa udongo na mvua, jambo ambalo bibi yeyote wa Dodoma angelielewa bila tafsiri. Shindano la namna hiyo lina siku ya mwisho. Asiye na muswada siku hiyo hana lolote la kupeleka.

Tena tusidhani akikubaliwa ndiyo basi. Hwang Dong-hyuk wa Korea aliandika Squid Game karibu mwaka 2009, akakataliwa miaka kumi, akafika hata kuuza kompyuta yake. Ilipotoka mwaka 2021 dunia nzima iliitazama. Yeye mwenyewe aliwaeleza waandishi kuwa kwa msimu ule wa kwanza alilipwa kile kilichomo katika mkataba, bila nyongeza kwa mafanikio yale. Basi mkataba usomwe na mwanasheria kabla kalamu haijagusa karatasi, hata kama njaa inauma. Wala tusiweke mayai yote kwa mgeni: Januari 2024 Amazon Prime Video walisimamisha kuagiza kazi mpya za Afrika, na waliokuwa wakingoja majibu wakabaki mikono mitupu.

Nilimweleza kijana kwamba mlango wa karibu ni wa hapa nyumbani. Azam wana chaneli ya Sinema Zetu, na Maisha Magic Bongo wameonyesha tamthilia za Kiswahili miaka mingi. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwapo tangu mwaka 1998, na watayarishaji huonekana pale kwa macho. Aende na karatasi chache: hadithi nzima kwa sentensi mbili, wahusika wake, muhtasari wa kila sehemu, na sehemu ya kwanza ikiwa imeandikwa yote, mazungumzo kwa mazungumzo. Tena aiandike kwa Kiswahili cha Nyololo chenye Kihehe ndani yake. Kiingereza kitakuja na mtafsiri.

Akaniuliza daftari la kurasa ngapi litatosha. Nikamwambia anunue kaunta buku.

Honi ya basi langu ikalia. Nilipokaa dirishani alikuwa bado amesimama chini, akinieleza kwa sauti kubwa kilichompata yule binti katika sehemu ya nne.