Sindano Ile Haikuwa Dharau

(Muziki unapungua.)

Leo nina neno kwa akina mama na akina baba mnaopeleka watoto hospitali.

Mdogo wangu alipozidiwa na malaria mpaka akashikwa degedege, nesi alimpima uzito, akamdunga sindano moja, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama alilia. "Kwetu Congo mtoto wa hivi anatundikiwa serumu ya kinini! Wanamfanyia hivi kwa sababu ni mkimbizi." Mimi nilimuunga mkono, tena kwa sauti.

Tulikosea. Sindano ile ilikuwa artesuneti. Kuanzia 2005 hadi 2010 watafiti waliilinganisha na kwinini, yaani kinini, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Congo ilikuwemo, Rwanda pia, na hapa Uganda kazi ilifanyika Mbarara, hapo hapo tunapopelekwa. Makundi mawili yalikaribia kulingana. Waliopewa kwinini walikufa 297, wa artesuneti 230. Toa hesabu mwenyewe: ni watoto 67. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wapewe artesuneti. Kwa hiyo nesi alikuwa anafuata ushahidi, na sisi tulikuwa tunafuata mazoea.

Sisemi dripu ni mbaya. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anaweza kuihitaji.

Uzito unapimwa kwa sababu mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa dawa zaidi kwa kila kilo. Sindano ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza, hata kama mtoto ameshaamka na anaomba uji. Sasa fikiri: ukianza saa nane mchana, ya pili ni saa nane usiku, na nesi huenda yuko peke yake na wodi nzima. Mkumbushe kwa heshima: "Dada, saa ya sindano imefika." Kama hujui Kinyankole wala Kiingereza, tafuta jirani wa kitanda akusemee. Usione haya.

Akianza kumeza, atapewa vidonge vya mseto vya siku tatu. Ni vyake vyote. Usimwekee mdogo wake akiba. Na katika wiki nne zinazofuata, ukiona mkojo mweusi au viganja vimekuwa vyeupe, mrudishe siku hiyo hiyo.