Betri ya king'ora cha nyumbani: tahadhari kabla ya athari

(Mazungumzo kwa mabaraza ya usalama wa mitaa)



Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Usiku kama huo, mkazi aliyeweka king'ora nyumbani hulala akiamini kwamba mlango ukiguswa kitalia. Lakini king'ora hutumia stima kama taa na televisheni. Stima ikipotea, kinachokitegemeza ni betri moja ndogo iliyofichwa ndani ya kisanduku cha mitambo ukutani. Betri hiyo ikiwa imekufa, nyumba haina king'ora.

Wala mwizi hangoji nchi nzima iingie gizani. Katika nyumba nyingi, mita na swichi kuu ziko nje, mahali ambapo yeyote anaweza kufikia. Kwa hivyo kuna mambo matatu ya kujadiliwa leo: kujua betri imechoka, kuibadilisha bila ajali, na kujua ile kuukuu inapelekwa wapi.

Jambo la kwanza: kuijua betri iliyochoka

Ving'ora vingi vya nyumbani hutumia betri ya volti 12, yenye uwezo wa ampea-saa 7, iliyofungwa kabisa na isiyoongezwa maji. Uzani wake ni kama pakiti ya unga ya kilo mbili. Betri ya aina hiyo pia hupatikana katika mashine za nyua za umeme na za malango ya kujifungua. Kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Adui yake ni joto: nyuzi 8 hadi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Kisanduku kilichowekwa darini chini ya mabati huichosha betri mapema.

Hesabu yake ni rahisi. Mitambo ikila nusu ampea, betri mpya ya ampea-saa 7 itaishikilia kwa takriban saa 14. Betri iliyochoka inaweza kukata roho baada ya dakika chache tu.

Dalili ni hizi: kibodi ya king'ora hulia mlio mfupi kila baada ya muda, taa ya hitilafu huwaka, betri huvimba, au unga mweupe hujitokeza kwenye vichwa vyake. Wako wanaochomoa waya wa betri ili mlio huo usiwasumbue usingizi. Hao wamenyamazisha onyo na kuiacha hatari palepale.

Mkazi asingoje dalili. Mara mbili kwa mwaka, awajulishe majirani na kampuni ya ulinzi ikiwa anayo, azime stima ya king'ora kwa nusu saa, akiwashe kwa kutumia betri pekee, kisha afungue mlango. King'ora kikikataa kulia, au kikilia kwa sauti hafifu, betri ibadilishwe.

Jambo la pili: kuibadilisha

Ndani ya kisanduku hicho mna nyaya za volti 240 zinazoweza kuua. Asiye na ujuzi amwite fundi wa stima. Hata hivyo, ni vizuri mkazi ajue hatua zinazofaa ili asimame karibu na kuona kazi inafanywa sawasawa.

Kwanza, kampuni ya ulinzi ijulishwe, kwa sababu kufungua kisanduku pekee kunaweza kulifanya gari la askari lije mbio. Pili, king'ora kizimwe kwenye kibodi, kisha stima inayokiendesha ikatwe kwenye swichi yake. Tatu, waya mweusi wa betri uchomolewe kwanza, halafu mwekundu. Kengele ya nje huenda ikalia hapo, kwa kuwa baadhi zina betri yao ndogo. Nayo ikaguliwe siku hiyohiyo.

Nne, betri mpya iingizwe: mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, kisha mweusi kwenye alama ya kutoa. Nyaya zikibadilishana mahali, fyuzi au bodi nzima inaweza kuungua. Vichwa viwili vya betri visiunganishwe kwa bisibisi au chuma chochote, kwani cheche zake huchoma. Tano, stima irudishwe na betri iachwe ichaji usiku kucha au hata siku nzima. Baada ya hapo jaribio la nusu saa lirudiwe. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwa kalamu juu ya betri yenyewe.

Dukani, volti na ampea-saa zilingane na za betri kuukuu. Tarehe ya kutengenezwa iangaliwe pia, maana betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa huwa imeanza kuharibika. Fundi akiipima, betri nzima husoma zaidi kidogo ya volti 12.5. Ikisoma chini ya 12, irudishwe rafuni. Betri za lithiamu zisitiwe mahali pake isipokuwa maagizo ya mtengenezaji wa king'ora yanaruhusu, kwa sababu huchajiwa kwa njia nyingine.

Wapangaji nao wakubaliane mapema na mwenye nyumba ni nani atakayeinunua.

Jambo la tatu: betri kuukuu

Ndani ya betri hii mna asidi na madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo, na kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mombasa inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa familia zilizougua na kuzika, pesa haziwezi kurudisha kilichopotea.

Kwa hivyo betri kuukuu isitupwe jaani, isichomwe, isipasuliwe uani ili kutoa chuma, wala asipewe mtoto akauze kwa vyuma chakavu. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea za zamani au ikabidhiwe mzoaji taka aliye na leseni ya NEMA. Ikingoja kupelekwa, isimame wima ndani ya ndoo ya plastiki, mbali na watoto na chakula.

Ndugu wakazi, anayerudi nyumbani leo aifanye kazi moja: atafute tarehe ya betri yake. Ikiwa imepita miaka mitatu, aipime wiki hii, kabla stima haijapotea.