Tarbushi Ikukae Sawasawa

Leo tunazungumza na vikundi vya maigizo vinavyoshonesha au kununua tarbushi za mtindo wa zamani, ile kofia nyekundu yenye kishada cheusi ambayo Uturuki iliipiga marufuku mwaka 1925.

Tarbushi ni sufi iliyoshindiliwa. Haina mpira wa kuvutika, kwa hiyo usiagize kwa kukisia. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani, katikati ya paji la uso, juu kidogo ya masikio, hadi kisogoni penye uvimbe. Isikaze, isilegee. Pima mara mbili, uandike kwa sentimita.

Ikifika ikipwaya, usiitupe. Pachika kipande chembamba cha kitambaa kizito nyuma ya ukanda wa ndani. Kichwa kikiwa kirefu, jaza pembeni, ndipo panapobaki nafasi. Ikibana, ipitishe kwenye mvuke wa birika, uivute taratibu, kisha uivae mpaka ikauke.

Mwisho, inama na ugeuke. Ikibaki kichwani bila kuacha alama kwenye paji, imekukaa. Tuwavalishe wazee wetu tunaowaigiza jukwaani kwa heshima wanayostahili.