BAHARI NA UPATIKANAJI WA SAMAKI VISIWANI



Kila ifikapo miezi ya Kusi, malalamiko ya upungufu wa samaki husikika madikoni, Unguja na Pemba. Bei hupanda mnadani, na lawama huelekezwa mara kwa mvuvi, mara kwa mchuuzi. Inafaa ieleweke kwamba bahari nayo ina sehemu yake katika jambo hili, na asiyeijua sehemu ya bahari hawezi kuipima sawasawa sehemu ya binadamu.

Mkondo mkubwa upitao kando ya visiwa hivi huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi inapovuma, kati ya Juni na Septemba, huusukuma ukaenda mbio. Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, huvuma kinyume chake, nao ukapungua kasi. Wakati wa Kaskazi maji ya juu hutulia na kupata joto, hata kufikia nyuzi 29 za Sentigredi mwezi wa Machi. Kusi huyavuruga na kuyachanganya na maji ya chini, na ifikapo Agosti joto hushuka hadi nyuzi 25 au 26.

Katika mawimbi hayo ngalawa nyingi hazitoki, na zinazotoka hubaki ndani ya mwamba. Hivyo basi, uchache wa samaki sokoni wakati wa Kusi si ushahidi kwamba samaki wamekwisha. Mara nyingi ni ushahidi kwamba mvuvi hakuweza kuwafuata.

Mwezi nao una hukumu yake. Wavuvi wa dagaa huwakusanya samaki usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, nguvu ya taa hupotea, na kazi husimama mpaka giza lirudi. Kadhalika, mwenye uzio hutazamia bamvua, ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Maji mafu humpa kidogo.

Miaka ya 1997 na 1998 ilitoa funzo kubwa zaidi. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto lisilo la kawaida, na tabaka la maji baridi likazama chini zaidi. Jodari wakawa vigumu kufikiwa na nyavu za kuzungushia, na meli kubwa zilizozoea kuvua jirani na Shelisheli zikahamia mashariki ya mbali. Mwaka huo wa 1998 matumbawe ya visiwa hivi, yakiwemo ya Misali, yalipauka na mengi yakafa. Mwaka 2016 yalipauka tena.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Jodari aliyehama huweza kurudi bahari ikirudi katika hali yake. Tumbawe lililokufa huchukua miaka mingi kuota upya, na muda wote huo changu na chewa hukosa makazi.

Kwa hiyo upungufu ni wa namna mbili: upitao na ubakio. Mvuvi anayeujibu upungufu wa Kusi kwa kuburura juya la macho madogo juu ya matumbawe na majani ya bahari huvua watoto wa samaki na kuvunja nyumba zao. Upungufu ambao ungepita na upepo, yeye huufanya ukae.

Watumishi nao wana wajibu wao. Bwana diko anayeandika uzito wa samaki peke yake hupeleka nusu ya habari. Inapasa aandike pia upepo uliovuma, umri wa mwezi, mahali palipovuliwa na idadi ya vyombo vilivyotoka. Takwimu za namna hiyo ndizo zitakazoonyesha ni lini bahari imenyima, na ni lini binadamu amejinyima mwenyewe.